Kiwele Kisitibiwe kwa Kubahatisha

Mfugaji aonapo mabonge ndani ya maziwa, au kiwele cha ng'ombe wake kimevimba na kuwa cha moto, hukimbilia dawa. Sindano hupigwa, fedha hutoka, na mara nyingi hapana ajuaye ni bakteria gani aliyekusudiwa kuuawa. Desturi hii yafaa iachwe.

Kwetu visiwani jambo hili si dogo. Tangu Unguja ilipotangazwa mwaka 1997 kuwa haina tena mbung'o, njia ya kufuga ng'ombe wa maziwa imefunguka zaidi. Kwa jamaa wenye ng'ombe mmoja au wawili, kiwele kikiharibika, riziki ya nyumba nzima huharibika.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba mara nyingi hayaonekani. Maziwa hubaki meupe, lakini hupungua siku hata siku. Kipimo cha California, kilichotangazwa mwaka 1957, huonyesha mapema kwamba kiwele kina maradhi, ila hakisemi adui ni nani. Na maadui hawafanani. Streptococcus agalactiae huishi kiweleni na huenezwa na mikono ya mkamuaji. Penisilini humshinda kwa wepesi. Staphylococcus aureus hujificha ndani ya nyama ya kiwele, na wengi wa jamii yake wamekuwa sugu kwa dawa hiyo. Escherichia coli hutoka katika kinyesi na zizi chepechepe.

Maumbile yenyewe yametupa njia ya kuwatambua. Mwili wa mnyama ukivamiwa hutengeneza kingamwili, na kila kingamwili humnasa adui wake, mfano wa ufunguo na kufuli lake. Mwaka 1933, Rebecca Lancefield wa Marekani alitumia maji ya damu ya sungura yenye kingamwili kuwagawa bakteria wa jamii ya streptokoki katika makundi. Wale wa kiwele cha ng'ombe wakawekwa kundi B. Siku hizi kingamwili hupakwa juu ya chembe ndogo za plastiki. Bakteria wakishaoteshwa maabara kutokana na maziwa, huchanganywa na chembe hizo. Akiwamo adui anayetafutwa, chembe hugandamana mbele ya macho kwa dakika chache.

Kipimo hiki si muujiza. Humtambua yule tu ambaye kingamwili yake imeandaliwa, wala hakitaji dawa itakayomuua. Hata hivyo, chatosha kumwongoza daktari wa mifugo aache kubahatisha.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wanaohusika na mifugo wavitengee fedha vifaa vya kupimia kama wanavyozitengea dawa, na mabwana mifugo wapewe chupa safi na vyombo vya baridi ili maziwa ya kupimwa yafike maabara yangali mazuri. Wafugaji nao wana wajibu wao: kunawa mikono kabla ya kukamua, kumkamua mgonjwa mwisho, na kutouza maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa mpaka siku zilizoamriwa na daktari zipite.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ufa wenyewe umo kiweleni, na kabla ya kuuziba ni lazima kwanza tuujue.