Unapounda kiini cha Linux, chunga usiufungie ufunguo ndani

MAANDISHI meupe kwenye kioo cheusi ndiyo yaliyomlaki mwandishi wa makala haya alipoiwasha tarakilishi yake kuukuu, baada ya kukesha akiiundia kiini kipya cha Linux. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: kiini kimeshindwa kuifungua diski yenye mfumo, kwa hivyo kimesimama. Hakuna kitufe kilichoitikia isipokuwa kile cha kuzimia umeme.

Tarakilishi haikuwa imeharibika wala diski haikuwa imefutika. Kosa lilikuwa herufi moja tu, "m" mahali palipostahili "y", katika faili yenye maelfu ya mistari.

Ili kuelewa jinsi herufi moja inavyoweza kuzusha balaa kiasi hicho, ni muhimu kwanza kufahamu kiini ni kitu gani. Kiini, ambacho wataalamu hukiita keneli, ni ile sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayosimama baina ya programu na vifaa vya tarakilishi. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachoamua ni programu ipi itumie prosesa na kwa muda gani, na kinachowasiliana na diski, kibodi, kioo na kadi ya mtandao. Programu unayotumia kuandikia barua haijui lolote kuhusu diski yako. Inachofanya ni kukiomba kiini kihifadhi faili.

Wanaotumia Windows hupokea kiini kilichokwisha kuundwa na Microsoft. Linux ni tofauti kwa kuwa msimbo wake asilia u wazi, na yeyote anaweza kuuchukua, akachagua sehemu anazozihitaji na kujiundia kiini chake.

Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipotoa toleo la kwanza mwaka 1991, hapakuwa na mengi ya kuchagua. Aliliandika kwa ajili ya tarakilishi yake mwenyewe, yenye prosesa ya aina ya 386 na kibodi ya Kifini. Msimbo wote ulikuwa na mistari 10,000 hivi. Siku hizi mistari hiyo imezidi milioni 30, na machaguo anayowekewa mtu anayetaka kuunda kiini yamepita 10,000.

Idadi hiyo isimtishe msomaji. Sehemu kubwa ya machaguo hayo ni draiva, yaani programu ndogo ndogo zinazokiwezesha kiini kuwasiliana na vifaa mahususi, na vingi kati ya vifaa hivyo hutaviona maishani mwako. Isitoshe, tangu mwaka 2002 machaguo yote huelezwa kwa lugha maalumu iitwayo Kconfig, ambayo hutaja kila chaguo linategemea lipi jingine. Ukikataa mtandao, kwa mfano, draiva za kadi za mtandao hutoweka zenyewe kwenye orodha.

Hapa ndipo wanagenzi wengi hukwama. Mtu husoma mahali kwamba anahitaji chaguo fulani, akalisaka kwenye menyu hadi macho yakamuuma, asilione. Chaguo lipo, ila limefichwa kwa sababu lile linalolitegemea halijakubaliwa. Ukiwa katika menyu inayofunguliwa na amri ya "make menuconfig", bonyeza alama ya mkwaju kisha uandike jina la chaguo unalolitafuta. Utaonyeshwa lilipo na masharti yake.

Machaguo mengine ni ya ndiyo au la, na mengine huhitaji nambari. Yaliyo muhimu zaidi, hasa ya draiva, huwa na majibu matatu. Herufi "n" ina maana kwamba sehemu hiyo haitaundwa kamwe. Herufi "y" huiingiza ndani ya kiini chenyewe, iwe tayari tangu tarakilishi inapowaka. Herufi "m" huiunda kama moduli, yaani faili ya pekee inayowekwa kwenye diski, ambayo kiini huichukua pale tu inapohitajika na kuiachilia baadaye.

Kwa mtazamo wa kwanza, "m" ndilo jibu la busara kwa kila kitu. Kiini kinabaki chepesi, kumbukumbu haijazwi na draiva zisizotumika, na ukinunua printa mpya, moduli yake inasubiri. Kampuni na jumuiya zinazosambaza Linux, zikiwemo zile za Ubuntu, Debian na Fedora, hufanya hivyo hasa, kwa kuwa haziwezi kujua kila mteja ana vifaa gani.

Lakini jiulize: moduli zenyewe zinakaa wapi? Ziko kwenye diski. Na kiini hufunguaje diski? Kwa draiva ya kidhibiti cha diski, pamoja na ile inayoufahamu mfumo wa faili, kwa mfano ext4. Iwapo draiva hizo nazo zimeundwa kama moduli, basi umeufungia ufunguo ndani ya nyumba, nawe umesimama nje.

Wasambazaji huikwepa aibu hii kwa kuandaa furushi dogo la faili, liitwalo initramfs, ambalo hupakiwa kwenye kumbukumbu sambamba na kiini. Ndani yake mna moduli za kutosha kuifungua diski, na zikishafanya kazi hiyo, furushi halina shughuli tena. Mwandishi wa makala haya hakuliandaa furushi hilo, na draiva ya diski aliitilia "m". Usiku mzima ukapotelea hapo.

Kilichomwokoa ni kwamba hakukifuta kiini cha zamani. Programu ya kuanzishia tarakilishi, aghalabu ile iitwayo GRUB, humruhusu mtumiaji kuchagua kiini cha kuwasha. Alirejea kwenye kile cha awali, akaibadilisha herufi, akaunda upya. Mara hii kazi ilikwisha upesi, kwa kuwa sehemu ambazo hazijaguswa hazirudiwi. Atakayejaribu shughuli hii bila kubakiza kiini kinachofanya kazi anajitafutia taabu.

Jambo jingine ambalo lingempunguzia mwandishi kazi ni kutoanza na karatasi tupu. Katika matoleo mengi ya Linux, saraka ya "/boot" ina nakala ya usanidi uliotumiwa kuunda kiini kinachoendesha tarakilishi wakati huo. Nakili faili hiyo kwenye saraka ya msimbo asilia kwa jina ".config", kisha utoe amri ya "make olddefconfig". Machaguo mapya yatapewa majibu ya kawaida, nawe utabadilisha yale unayoyaelewa pekee.

Ipo pia amri ya "make localmodconfig", iliyoingizwa mwaka 2009, ambayo hutazama moduli zinazotumika wakati huo na kuzitupa nyingine zote. Huokoa muda mwingi mno, kwani kazi ya saa kadhaa inaweza kuwa ya dakika. Hata hivyo, amri hiyo haibahatishi. Kama modemu yako ya kuchomeka ilikuwa imelala mfukoni ulipoitoa, kiini kipya hakitaijua. Chomeka kila unachokitumia kwanza.

Angalia pia chaguo la kuhifadhi maelezo ya kusakia kasoro. Watengenezaji hulihitaji, lakini ukiliacha bila haja, faili zitakazoundwa zitameza gigabaiti nyingi, na huenda diski ikajaa kabla kazi haijakamilika.

Je, taabu yote hii ina faida gani? Wengi hudhani ni kasi. Kwa kweli, mtumiaji wa kawaida hataiona tofauti kubwa. Mathalani, kuna chaguo la mapigo ya saa ya kiini, ambapo huulizwa kama yawe 100, 250, 300 au 1,000 kwa sekunde. Watu hubishana kulihusu hadi wakagombana, ilhali kwa anayeandika barua na kusoma habari ni vigumu kutambua kilichobadilika.

Faida iliyo wazi zaidi ni usalama. Mnamo Februari 2017 ilitangazwa kasoro katika sehemu ya kiini iliyokuwa ikishughulikia DCCP, utaratibu wa mawasiliano ya mtandao ambao wachache mno huutumia. Kupitia kasoro hiyo, mtu aliyekwisha kuruhusiwa kuingia kwenye tarakilishi kama mtumiaji wa kawaida angeweza kujitwalia mamlaka yote ya msimamizi mkuu. Kasoro ilikuwa humo tangu mwaka 2005, na matoleo mengi yalikuwa yameiunda sehemu hiyo kama moduli ingawa hakuna aliyeiomba. Aliyeijibu "n" hakuguswa, kwani msimbo usiokuwepo hauwezi kushambuliwa.

Suala hili haliwahusu wenye tarakilishi pekee. Simu za Android, ambazo zimejaa mifukoni mwa Wakenya, huendeshwa na kiini cha Linux. Kwa miaka mingi mtengenezaji wa chipu alikichukua kiini, akakirekebisha na kukisanidi apendavyo, kisha mtengenezaji wa simu naye akakichokora zaidi. Matokeo yake ni kwamba marekebisho ya usalama yalilazimika kupitia kwa wote hao kabla ya kumfikia mwenye simu, na mara nyingi hayakumfikia.

Google ilijaribu kuukata mnyororo huo. Tangu Android 12, iliyotolewa mwaka 2021, simu mpya zinazokuja na kiini cha toleo la 5.10 au la baadaye hutakiwa kutumia kiini kimoja cha pamoja, nazo sehemu za kila mtengenezaji ziwe moduli zinazokaa kando. Ni swali lile lile la "y" na "m", ila safari hii anayelijibu si mwenye kifaa.

Aidha, yapo mambo ambayo hakuna chaguo linaloweza kuyarejesha. Machaguo hudumu maadamu wapo wanaoutunza msimbo, na unapowalemea huufyeka. Mnamo Desemba 2012 Torvalds alikubali pendekezo la kuiondoa prosesa ya 386, na kuanzia toleo la 3.8, lililotoka Februari 2013, Linux haiwezi tena kuundwa kwa ajili ya tarakilishi ya aina ile aliyoitumia kuiandika.