Miezi ya kati ya ujauzito isimfanye mama akatae kliniki
KIPINDI cha kati cha ujauzito, yaani wiki ya 14 hadi ya 27, huwa cha afueni kwa wanawake wengi. Kichefuchefu na uchovu wa miezi ya mwanzo hupungua, nayo hamu ya chakula hurejea.

Kati ya wiki ya 16 na 24, mama huanza kuhisi mtoto akicheza tumboni. Mwenye mimba ya kwanza aghalabu huchelewa kutambua. Wiki ya 24 ikitimia bila dalili hiyo, yafaa amwone mkunga.

Hata hivyo, afueni hiyo isimfanye apuuze kliniki. Huko hupimwa shinikizo la damu na mkojo, na kupewa tembe za kuongeza damu. Katika maeneo ya Pwani na Ziwa Victoria, ambako malaria imekithiri, hupewa pia dawa ya kuikinga na neti iliyotiwa dawa.

Kuumwa sana na kichwa, kuona maluweluwe na kuvimba uso na mikono baada ya wiki ya 20 huweza kuashiria hatari ya kifafa cha mimba. Hali hiyo, sawa na kuvuja damu, haingoji siku ya kliniki. Mama apelekwe hospitalini mara moja.