Chakula cha Njiani: Maneno na Desturi za Wasafiri wa Reli ya Kati na wa Mabasi

Lugha ya Kiswahili ina maneno matatu ya chakula cha safari, na watu wengi siku hizi huyachanganya. La kwanza ni pamba, yaani chakula kilichopikwa nyumbani na kufungwa ili kiliwe njiani. La pili ni masurufu, nalo ni pana zaidi, kwa maana huhesabu fedha za kununulia chakula pamoja na chakula chenyewe. La tatu ni posho, yaani kipimo cha chakula apewacho mtu kwa kazi yake. Wapagazi wa misafara ya zamani walipimiwa posho kwa kibaba, mara nyingi kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, au badala yake walipewa nguo na shanga wakajinunulie wenyewe vijijini. Neno hili limekwenda mbali: mtu wa Uganda akisema posho hakusudii kipimo, bali ugali wenyewe.

Tumeanza na maneno hayo kwa sababu njia tutakayoieleza ni njia ya wapagazi hao. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kwenda Mwanza likamalizika mwaka 1928. Kutoka Dar es Salaam hata Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,250, na kwa sehemu kubwa reli haiachani sana na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupita Mpwapwa, Ugogo na Tabora hata Ujiji. Katika Ugogo misafara ilitozwa hongo, na maji na nafaka vilinunuliwa kwa bei kubwa kwa kuwa nchi ni kavu. Baadaye garimoshi liliposimama mahali pale pale, wenyeji waliendelea na biashara wanayoijua, ila sasa wateja wao wako dirishani.

Atakaye kujua nchi kwa ulimi wake, na asafiri katika reli hii ya zamani bila kujishibisha mapema. Morogoro ataletewa ndizi za kila namna kutoka milima ya Uluguru, na ile kubwa iitwayo mkono wa tembo huchomwa au kupikwa. Akiisha kupita Kilosa na kupanda nchi ya juu, matunda yapungua na nafaka yabadilika. Wagogo ni wakulima wa uwele na mtama, na mboga yao ya sifa ni mlenda, majani yenye utelezi yanayopikwa hata yakawa mazito. Mgeni huogopa utelezi huo. Mwenyeji huusifu, kwa kuwa ugali wa uwele ni mkavu na wahitaji kitu cha kuuteremsha kooni. Hapo Dodoma huuzwa pia ubuyu, na zabibu ambazo nchi ile huzivuna mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana katika nchi za baridi.

Kutoka Saranda hata Manyoni msafiri yumo katika mkoa wa Singida, ambao sifa yake ni kuku wa kienyeji. Nyama yake ni ngumu, nasi hatutamficha msomaji jambo hilo. Lakini ina ladha ambayo kuku wa kufugwa bandani hana, na supu yake yamfaa sana mtu aliyekesha juu ya benchi la mbao.

Tabora ni nchi ya miombo, na miombo ni nchi ya nyuki. Wanyamwezi hutundika mizinga ya magome na ya magogo mitini, na asali huuzwa katika chupa na madebe. Mnunuzi na aulize kama ni asali ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo wasiouma. Hii ya pili ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na bei yake ni kubwa zaidi kwa kuwa kila kiota hutoa asali chache. Wakati wa mvua huuzwa uyoga wa msituni. Tena hapa, na zaidi katika njia ya Mwanza kwa Wasukuma, mtu atakutana na michembe na matobolwa. Vyote viwili ni viazi vitamu vilivyokaushwa, lakini havifanani: michembe hukatwa na kuanikwa ingali mibichi, na matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa na kuanikwa. Michembe yataka kupikwa. Matobolwa hutafunwa hivi hivi, nayo ni pamba iliyo bora kabisa, kwa maana haiozi, haimwagiki wala haichafui nguo.

Magharibi ya Tabora reli yaingia bonde la Malagarasi, na samaki huanza kuonekana. Uvinza huuzwa chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi za mahali pale zimechemshwa na watu tangu miaka ipatayo 1,500 iliyopita, na kabla ya reli chumvi hiyo ilikuwa ikienda kote katika nchi za jirani. Mwisho ni Kigoma, pamoja na migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika, mafuta mekundu ya mawese, na ugali wa muhogo.

Sasa tugeuke kwenye maneno, kwa kuwa njaa ya msafiri mara nyingi hutokana na kutofahamu lugha ya muuzaji. Neno linalotatiza kuliko yote ni mboga. Mtu wa Pwani husema kitoweo kwa kila kiliwacho pamoja na wali au ugali, kiwe samaki, nyama au kunde. Mboga kwake ni majani na mazao ya bustani. Mtu wa bara huviita vyote mboga. Basi mtu wa Mombasa akiuliza Tabora, "Mama, leo kuna mboga gani?" atajibiwa, "Baba, mboga ni nyama na samaki," naye atadhani anafanyiwa mzaha. Kadhalika neno chai: bara na Pwani husemwa "Umekunywa chai?" kwa maana ya kuuliza kama mtu amekula chakula cha asubuhi, na chai kavu ni chai isiyo na kitafunio, hata kama imetiwa maziwa. Maandazi ya Dar es Salaam yana ndugu zao Mombasa waitwao mahamri, nao hutiwa tui na iliki. Ugali ni sima Mombasa, na katika Kiswahili cha Lubumbashi ni bukari.

Neno jingine ni kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Jina hili ni la kuficha, wala halimwambii mgeni cho chote. Mwislamu asafiriye katika nchi asiyoijua, na kila mtu anayeacha nyama hiyo, yampasa alijue. Na muuzaji mwenye adabu husema wazi kabla ya kuulizwa.

Mpishi wa kando ya njia ana majina mawili. La zamani ni mama ntilie, lililotokana na ombi la mlaji mwenyewe: "Mama, nitilie," yaani niwekee chakula sahanini. La pili ni mama lishe, ambalo hupendwa zaidi katika maneno ya serikali na ya magazeti. Sisi twaona la kwanza lina uhai zaidi, kwa kuwa ndani yake yasikika sauti ya mtu mwenye njaa. Lakini adabu yataka mtu aitwe kwa jina alipendalo, na wengi wao hulipenda la pili.

Safari ya basi ina desturi nyingine. Garimoshi huenda kwa chakula. Basi chakula hukisimamia kwa dakika kumi na tano au ishirini tu, na mahali pa kusimama huchaguliwa na dereva. Yajulikana na watu wote kwamba dereva na utingo wake hula bure katika hoteli wanakopeleka abiria, na ndiyo sababu basi laweza kupita vibanda kumi vyenye chakula kizuri likasimama penye chakula ghali. Abiria wazoefu hawashindani naye. Hushuka, hunywa maji, kisha hungoja vituo vidogo ambapo wauzaji huja mbio na ungo vichwani. Barabara nayo ina ramani yake ya vyakula: Muheza machungwa, Gairo viazi vitamu, Ruaha Mbuyuni vitunguu, Ilula nyanya. Dereva akitangaza kwamba basi litasimama ili watu "wachimbe dawa," mgeni asitafute jembe. Maana yake ni kwenda haja porini. Tafsida hii ni nzuri, kwa maana mganga achimbaye mizizi huingia msituni peke yake, wala hapana amwulizaye alikokwenda.

Tumefikia jambo lililo zito. Desturi ya nchi zetu ni kwamba mtu hali mbele ya mwenzake bila kusema "Karibu." Katika behewa la garimoshi desturi hii ilikuwa na nguvu kuliko hata nyumbani, kwa kuwa watu hukaa pamoja siku mbili wakikabiliana magoti. Mwenye kuku humega, mwenye machungwa humenya, na kabla ya Dodoma watu wasiojuana huitana shemeji. Wazaramo na Wanyamwezi, ambao ni watani tangu siku za misafara, huweza hata kunyang'anyana tonge bila ugomvi. Walakini kwa miaka mingi sasa pamekuwa na wezi wanaotia dawa ya usingizi katika biskuti, juisi au soda, wakamkaribisha jirani, kisha wakashuka na mizigo yake. Wako watu walioamka hospitalini, na wako wasioamka kamwe. Kwa sababu hiyo abiria huonywa: usipokee chakula cha mtu usiyemjua.

Onyo hilo ni la haki, nasi hatulipingi. Lakini lavunja kitu ambacho si chakula tu. Mtoto afundishwaye nyumbani kuitikia "Karibu" kwa "Ahsante, starehe" afundishwa basini kugeuza uso. Tumetazama jinsi wasafiri wenye busara wanavyopatanisha mambo haya mawili, na twaona kwamba hawakubuni jipya. Wamerudia kanuni ya kale. Kwa makabila mengi ya bara atoaye pombe huonja kwanza mwenyewe mbele ya mgeni, ili aonyeshe kwamba haina sumu. Ndivyo wafanyavyo hawa: hununua dirishani mbele ya macho ya wote, humega kimoja katikati, hula nusu yao kwanza, ndipo wakatoa nusu ya pili. Au huchagua vitu vilivyofungwa na Muumba, visivyoweza kutiwa kitu bila kuonekana: yai la kuchemsha katika ganda lake, chungwa, ndizi, karanga katika maganda. Vitu hivyo hivyo ndivyo vinavyomkinga mtu na kipindupindu na kuhara, kwa kuwa hakuna mkono wala maji yaliyovigusa ndani. Cha moto kinachotoka mekoni nacho ni salama. Cha kuogopa ni kachumbari, maji ya chupa iliyokwisha funguliwa, na wali uliolala.

Biashara ya dirishani yenyewe ina sheria zake. Sahani ni ya muuzaji, na lazima irudi kabla ya garimoshi kuondoka. Kwa hiyo mnunuzi huja na chombo chake. Zamani chakula kilimiminwa katika mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na bakuli lenye kifuniko limepata heshima yake tena. Noti kubwa haifai. Ikiwa imetolewa na garimoshi likaanza kwenda, muuzaji hukimbia kando ya behewa akiwa na chenji mkononi, na abiria wote hupaza sauti kumhimiza. Si mara nyingi ashindwapo.

Mambo haya yamo katika kubadilika. Mwaka 2024 garimoshi la umeme lilianza kuchukua abiria katika reli mpya kutoka Dar es Salaam hata Morogoro, kisha Dodoma, likienda hata kilomita 160 kwa saa. Safari iliyokuwa ya mchana kutwa au usiku kucha sasa ni ya saa chache, na hapana asiyeshukuru. Madirisha yake hayafunguki, kwa kuwa ndani mna hewa iliyopozwa, na ungo wa ndizi hauna mahali pa kufikia. Vilevile mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mwaka 2023, abiria wengi walianza kuyapita machungwa ya Muheza wakiwa wamelala. Wauzaji wa vituo vidogo ni wanawake kwa sehemu kubwa, na fedha ya garimoshi ndiyo iliyowanunulia watoto wao daftari na sare. Katika njia ya magharibi ya Dodoma reli ya zamani ingali inawalisha. Lakini reli mpya yajengwa kuelekea huko huko. Kama wakubwa wa reli wangewapa nafasi safi ndani ya stesheni, yenye maji na meko, chakula cha Wagogo kingeweza kumfikia msafiri kwa mlango badala ya dirisha. La sivyo, mtoto wa Dar es Salaam atafika Dodoma bila kujua kwamba amepita nchi ya uwele.

Msafiri arudipo hulakiwa kwa "Pole na safari," na nyuma yake lafuata swali lisilotamkwa na watu wazima lakini lisemwalo wazi na watoto: "Umetuletea nini?" Jibu sharti liwe chakula, na sharti kiwe cha mahali alikotoka, sukari iliyonunuliwa dukani mtaani haihesabiwi. Atokaye Tabora huleta asali, atokaye Muheza machungwa, atokaye Bukoba senene waliokaangwa. Atokaye Kigoma huleta mgebuka mkavu, aliyefungwa kwa magazeti matatu au manne na kuwekwa chini kabisa ya mzigo, ingawa behewa zima limekwisha kumjua tangu Uvinza.