Cheo hakipimwi kwa ufasaha wa Kifaransa

NILIREJEA Burundi mwaka 2009 kutoka Ulyankulu, mkoani Tabora, nilikosomea. Nilipoomba ukuu wa shule moja, niliulizwa maswali yote kwa Kifaransa. Nikababaika. Hakuna aliyeuliza kama nimewahi kusimamia walimu. Nilirudi nyumbani na uchungu.

Miaka baadaye nikakaa upande wa pili wa meza. Chama cha wafanyabiashara wa mawese na dagaa, kati ya Mabanda na Manyovu, kilitafuta msimamizi mkuu, nami nikawa miongoni mwa wasaili. Kijana mmoja alikuja na shahada na Kifaransa kilichonyooka. Mama mmoja, mrejea kama mimi, alikuja na daftari lake la mauzo. Mimi niliyeumizwa kwa lugha, nikampigia kura kijana.

Kijana hakuwa mwizi. Aligawa faida yote kila mwezi na wanachama wakampigia makofi. Mawese yalipojaa sokoni kwa bei ya chini, sanduku lilikuwa tupu. Hatukununua hata dumu moja la kuweka.

Elliott Jaques, mtaalamu mzaliwa wa Kanada aliyechunguza kiwanda kimoja cha London na kutoa kitabu mwaka 1951, alikuja kufundisha kwamba uzito wa cheo hupimwa kwa muda: ni jukumu gani refu kuliko yote ambalo mtu ameachiwa alitimize kwa uamuzi wake mwenyewe? Kazi ya chini kabisa haizidi miezi 3. Ya meneja mkuu hufika miaka 2 hadi 5.

Tukamwita tena yule mama. Safari hii niliuliza hivi: "Mama, ni jambo gani la muda mrefu zaidi ulilolisimamia?"

Akafungua daftari. Kwa miaka 4 alinunua wakati wa wingi, akauza wakati wa uhaba, hadi akajenga ghala.

"Na hasara?"

"Mwaka wa pili madumu 20 yalivuja, mwalimu. Kosa langu, nilinunua madumu ya bei poa. Sikurudia."

Shahada haikuwa imetuonyesha hayo.

Ndugu msomaji, mnapochagua kiongozi wa chama au shule, msikilizeni anavyosema, lakini muulizeni pia alianza nini, alingoja muda gani, na kilipoharibika alifanya nini. Kisha nendeni mkalione ghala.