Moshi wa Gari Lililotoka kwa Fundi

Katika mtaa wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, gari likitoa moshi haliwezi kufichwa. Nyumba zimekaribiana, watoto wako njiani, na kila mzee apitaye amewahi kusafiri juu ya lori na ana neno lake la kusema kuhusu injini. Kwa hiyo fedheha ya mwenye gari huwa kubwa anapolirudisha nyumbani baada ya matengenezo makubwa. Silinda zimechongwa, pistoni na ringi mpya zimetiwa, fundi amekwisha kulipwa. Lakini injini inapowashwa, bomba lafuka kama tanuri la makaa. Huyu asema ni ringi, yule asema ni gasketi, na wa tatu asema fundi ni mwizi. Jua halijatua, amri imekwisha kutolewa injini ifunguliwe tena, na mara nyingi gharama ya safari hii ya pili hutoka katika zizi la mbuzi.

Haraka hiyo ndiyo iletayo hasara. Moshi una rangi yake, una harufu yake, na una saa yake ya kutokea. Mtu akiyaangalia hayo matatu kwa siku chache, aweza kujua ugonjwa uko wapi kabla ya spana kuguswa.

Kwanza, si kila moshi wa siku ya kwanza ni ugonjwa. Injini iliyokuwa ikila oili kabla ya kutengenezwa imeacha oili nyingi ndani ya bomba la moshi, na joto la injini mpya likifika huko, uchafu ule wa zamani huungua. Tena fundi mwangalifu hupaka oili katika silinda anapozifunga, nayo haina budi kuteketea. Moshi wa namna hii hupungua kadiri gari litembeavyo. Ule usiopungua, au uongezekao, ndio wa kuogopwa.

Hapa wengi huharibu kazi njema kwa huruma. Huiacha injini mpya ingurume polepole uani kutwa nzima, wakidhani wanaipumzisha. Ukuta wa silinda iliyochongwa una mikwaruzo midogo inayopishana, iliyotiwa makusudi. Na ringi hushika vema pale tu nguvu ya moto inapozisukuma zisuguane na ukuta huo mpaka viwili hivyo vizoeane. Injini isiyofanya kazi haina nguvu hiyo. Oili huungua juu ya mikwaruzo, ukuta hung'aa kama kioo, na ringi hazikai tena kamwe mpaka silinda zikwaruzwe upya. Basi injini ikisha kupata joto, na oili na maji yakiwa sawa, gari litoke nje likafanye kazi ya kiasi, mara kwa nguvu, mara kwa upole, bila mzigo mzito na bila mbio. Barabara tambarare ya kwenda Archer's Post, kadiri ya kilomita 35, yafaa kwa mwanzo huo.

Moshi mweusi hauna haja ya maneno mengi, maana hauhusu ringi. Ni mafuta mengi na hewa kidogo. Chujio la hewa lililojaa vumbi ndilo la kutazamwa kwanza, na vumbi la Isiolo halina haya. Kisha choki na kabureta kwa gari la petroli la kizamani, au nozeli na pampu kwa gari la dizeli.

Moshi mweupe wataka subira zaidi. Asubuhi ya baridi karibu kila gari hutoa mvuke, nao hutoweka baada ya dakika chache. Lakini ukiendelea hali injini ni moto, na maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovuja, yaelekea maji yanaingia ndani ya silinda: gasketi ya hedi haikukaa, au hedi yenyewe imepinda au ina ufa. Mapovu yakitokea mfululizo katika rejeta, au oili ikibadilika rangi kuwa kama chai ya maziwa, gari lisiendeshwe hata hatua moja. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla injini haijapoa. Wako madereva wenye makovu ya jambo hili. Kwa dizeli kuna moshi mweupe mwingine uwashao macho, nao ni mafuta yasiyoungua. Baada ya injini kufungwa upya, sababu yake mara nyingi ni pampu iliyorudishwa vibaya, ikapeleka mafuta kwa kuchelewa. Hiyo hurekebishwa bila kushusha injini.

Wabakia moshi wa buluu, yaani oili inayoungua, nao ndio uletao ugomvi. Hapa watu wa Isiolo wana bahati ambayo wengine hawana. Mji uko kadiri ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na barabara iendayo Timau, ubavuni mwa Mlima Kenya, hupanda mpaka zaidi ya mita 2,000. Mlima huo ni kipimo kisicholipiwa.

Mwenye gari la petroli na apande, na mtu wa pili atazame nyuma. Buluu ikitoka kwa wingi wakati injini inavuta kwa nguvu, shaka iko kwa ringi na silinda. Kisha ateremke akiwa ndani ya gia, mguu umeondolewa kwenye mafuta. Wakati huo injini hufyonza kwa nguvu, na oili huvutwa kupitia shina za valvu kama mipira yake imechanika au haikutiwa. Huko chini akikanyaga tena mafuta, wingu moja kubwa hutoka, kisha hewa husafika. Wingu la namna hiyo, na lile litokalo asubuhi gari liwashwapo kisha likaisha, huelekeza kidole kwenye valvu, wala si kwenye ringi. Dizeli haifyonzi kwa namna hiyo, kwa hiyo kipimo cha kuteremka hakiiamui sana.

Yako pia mambo madogo yanayodharauliwa. Oili iliyozidi alama ya kijiti hutoa moshi, na kadhalika bomba la kupumulia injini likiziba. Kuyasahihisha hayo ni kazi ya dakika chache.

Baada ya hapo mgandamizo wa kila silinda upimwe. Ile iliyo dhaifu itiwe oili kiasi cha kijiko kimoja, ipimwe tena. Hiki ni kipimo cha injini ya petroli. Katika dizeli nafasi ya moto ni ndogo mno, na oili yaweza kudanganya kipimo. Nguvu ikipanda, ringi hazizibi. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Plagi nazo hutoa ushahidi: moja tu ikiwa imelowa oili na nyingine zikiwa kavu, kosa liko katika silinda ile peke yake, na hakuna sababu ya kuzilaumu nyingine.

Ikiwa hapana budi kufungua, mwenye gari awepo pistoni hiyo inapotolewa, na atazame kabla ringi hazijaondolewa. Ringi nyingi zina alama upande upasao kukaa juu. Ya pili ikipinduliwa yaweza kuikwangua oili na kuipandisha motoni badala ya kuiteremsha. Atazame pia kama mianya ya ringi imepangwa mahali pamoja, na kama kipimo cha ringi chalingana na cha silinda iliyochongwa. Ringi ikionekana imepinduliwa, fundi na mwenye gari wataiona pamoja, na habari ya nani alipe itazungumzwa pale pale juu ya meza ya kazi.