MIAKA ARUBAINI KATIKA DAKIKA ISHIRINI NA TANO

Ukimtajia mwanafunzi wa shule hii hadithi za kisayansi, mara moja atafikiria bunduki za miale, majitu yenye macho matatu na vyombo vya angani vinavyolipuana puu! Na kweli, vitu hivyo vimejaa tele humo. Lakini mimi nataka kueleza juu ya sehemu moja tu ya mchezo wa runinga ambayo haina vita wala jitu la kutisha, na ambayo tangu ionyeshwe Marekani mwezi wa Juni 1992 imewaliza watu wazima na ndevu zao. Inaitwa "The Inner Light", maana yake Nuru ya Ndani. Jina hilo mwandishi wake, Morgan Gendel, alilichukua kutoka kwa wimbo wa kundi la Beatles wa mwaka 1968.

Swali langu ni moja. Sayari inayosimuliwa haipo. Watu wake hawakuwahi kuzaliwa. Sasa kwa nini mtazamaji, tena wa nchi ya mbali, anajikuta anawalilia kama jamaa zake?

Kwanza niwape habari yenyewe, kwa sababu najua wengi hamjaiona.

Mchezo huo mrefu unaitwa Star Trek: The Next Generation, nao ulionyeshwa kuanzia 1987 hadi 1994. Unahusu chombo kikubwa cha angani kiitwacho Enterprise na nahodha wake Picard, ambaye anaigizwa na Mwingereza Patrick Stewart. Picard ni mtu wa kazi. Hana mke, hana mtoto, na watoto wadogo hasa humtia wasiwasi. Shikeni jambo hilo vizuri, litatufaa mbele.

Siku moja Enterprise inakutana na chombo kidogo kisicho na mtu ndani. Chombo hicho kinatoa mwale unaompiga Picard kichwani, naye anaanguka palepale mbele ya mabaharia wake. Akifungua macho yuko chumbani mwa watu asiowajua. Mwanamke anamwambia kwamba amekuwa mgonjwa wa homa kwa siku kadhaa, kwamba yeye ni Kamin, fundi wa chuma wa kijiji cha Ressik katika sayari ya Kataan, na kwamba yeye mwanamke, Eline, ni mkewe. Picard anakataa katakata. Anadai chombo chake. Anazunguka milimani akitafuta njia ya kutoka, lakini wapi! Hakuna njia.

Halafu, bila kutuaga, hadithi inaruka miaka mitano. Bado yumo. Eline amevumilia miaka yote hiyo na mume anayezungumzia nyota na maisha mengine. Jioni moja Kamin anaanza kukubali: anamwomba mkewe ruhusa ya kujenga chumba cha mtoto. Ikiruka tena, ana binti, Meribor, na mwana aliyepewa jina la rafiki yake marehemu, Batai. Ikiruka tena, nywele zimekuwa nyeupe. Eline anakufa. Kamin ni babu anayemkimbiza mjukuu uani.

Wakati huo wote mvua haiji. Kijijini wamepanda mti mmoja uwanjani, wanaugawia maji kutoka katika kidogo walicho nacho, kama alama kwamba hawajakata tamaa. Kamin anapima udongo na kutazama jua kwa darubini mwaka baada ya mwaka, hata yeye na Meribor wanafahamu lile ambalo wakubwa wao wanalificha: jua lao linakufa na litawachoma wote.

Mwishoni watoto wanamvuta mzee huyu waende kutazama roketi ikirushwa. Na hapo, jameni, anatokea Batai rafiki yake aliyekufa zamani, kijana vilevile, kisha Eline naye, mbichi kama siku ile ya kwanza. Wanamweleza kwamba hiyo roketi ameshaiona. Ndiyo kile chombo kidogo kilichompata angani. Watu wa Kataan hawakuwa na vyombo vya kuwahamisha, basi waliweka maisha ya kijiji chao ndani ya chombo kimoja na kukirusha gizani, wakitumaini kitampata mtu mmoja atakayewakumbuka. Wote wameshakufa miaka 1,000 iliyopita.

Picard anazinduka sakafuni mwa Enterprise. Anaambiwa amezirai kwa dakika ishirini, ishirini na tano hivi. Ndani ya kile chombo wanakuta kisanduku, na ndani ya kisanduku mna filimbi ambayo Kamin alijifunza kupiga maisha yake yote. Picard anaikumbatia kifuani, kisha anapiga wimbo wa Ressik peke yake dirishani. Basi, imekwisha.

Sasa nieleze inavyofanya kazi. Jambo la kwanza ni hiyo miruko. Hatuonyeshwi harusi ya mtu yeyote, wala siku Kamin alipoacha kabisa kuota juu ya nyota. Tunakuta tu imeshatokea. Mtazamaji analazimika kujaza miaka iliyoachwa, na atajaza kwa nini kama si kwa miaka yake mwenyewe? Sehemu nzima haifiki hata saa moja, lakini ukimaliza unaapa umekaa na watu hao muda mrefu.

Jambo la pili ni viatu. Eline ana kilio kimoja na mumewe: anaacha viatu ovyo. Anamwambia mapema, mzaha mzaha, aviweke mahali pake. Baada ya miaka mingi, akiwa kitandani pa kufia, jambo analomkumbusha ni hilohilo la viatu. Mwandishi mwingine angempa hotuba ndefu ya mapenzi. Hawa waliona viatu vinatosha, na mimi nakubaliana nao, kwa maana watu wa nyumba moja ndivyo wanavyozungumza.

La tatu ni kwamba Batai, yule mwana aliyekua, aliigizwa na Daniel Stewart, mtoto halisi wa Patrick Stewart. Mtazamaji anaweza asijue, lakini mzee na kijana wanavyotazamana pale hakuhitaji fundi wa mapambo ya uso. Wimbo wa filimbi nao ulitungwa na Jay Chattaway, na ni mwepisi kiasi kwamba ukiusikia mara mbili utaupiga mluzi njiani.

Lakini maelezo hayo yote ni ya upande wa watengenezaji. Upande wa watazamaji niliuelewa Desemba iliyopita huko Mwingi, kwa nyanya mzaa mama. Mjomba wangu ni dereva wa lori na ndiye mpenzi mkubwa wa mchezo huu. Alikuja na kompyuta yake ya kubebea, tukaiweka juu ya stuli sebuleni, tukatazama watu wanne: nyanya, mama, mjomba na mimi. Kazi yangu ilikuwa kumfasiria nyanya kwa Kikamba.

Mama alicheka sana pale pa viatu, akanitazama mimi kwa maana anazozijua yeye. Eline alipokuwa anakufa na kuvitaja tena hakucheka. Mjomba naye hakushikwa na viatu wala kifo. Alishikwa na miruko. Alisema, "Dada, hivi ndivyo mimi ninavyowaona wanangu. Natoka mtoto anatambaa, narudi anaenda shule." Yeye hurudi nyumbani mara chache kwa mwaka, na kila akirudi hupata watu wengine. Nafikiri ndiyo sababu ameitazama sehemu hii mara nyingi kuliko zote.

Nyanya alitazama kimya. Ukame wa Ressik haukumshangaza hata kidogo. Sisi wenyewe tuliuona juzi tu, kati ya 2020 na 2022, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo. Alipoona mti ule unanyweshwa alitikisa kichwa tu, akasema wangempa mbuzi. Lakini Eline na Batai walipotokea mwishoni, nikamfasiria kwamba hawa wamekufa siku nyingi na wanaomba wakumbukwe, akaniambia, "Mjukuu wangu, hebu simamisha hicho kitu." Mjomba akakisimamisha.

Ndipo akatuambia juu ya njaa ya 1984, ile Wakamba walioiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa nikiwa nimeshika, maanake watu walikuwa na fedha mkononi na chakula cha kununua hakuna. Mwaka huo alimzika mtoto wa kiume wa miaka miwili. Mama yangu, ambaye alizaliwa mwaka uliofuata, hakuwahi kusikia habari zake hata siku moja. Mjomba alikuwa mdogo, anakumbuka tu kwamba kulikuwa na mtoto mwingine mgongoni, halafu hakuwepo. Hakuna picha. Hakuna cheti. Nyanya alimtaja jina, akasema alivyopenda kushika sikio la mtu aliyembeba. Kisha akauliza, mimi nikifa nani atasema alikuwapo? Jina lenyewe sitaliandika hapa kwa kuwa ni la nyumbani, lakini tumeshaliandika ndani ya jalada la Biblia ya mama, pamoja na mwaka.

Wasomaji, nyanya hajui Star Trek ni nini. Hajali chombo kinaendaje wala sayari iko wapi. Hata hivyo nafikiri alielewa hadithi kuliko sisi watatu, kwa sababu aliwaelewa wale waliorusha roketi. Sisi wengine tunakaa upande wa Picard, tunapokea. Yeye alikuwa na kitu cha kurusha. Na hapo naona jibu la swali langu: watengenezaji hawakutuambia tumlilie nani. Waliweka nyumba, viatu, kisima kikavu na mtoto, vitu ambavyo kila mtu anavyo, halafu wakanyamaza.

Rafiki yangu wa darasani, ambaye kazi yake ni kunipinga, anasema haya ni machozi ya bure, na kwamba watu wa Kataan walikosea kumwingilia mtu akili bila idhini yake. Hapo pa idhini ana haki. Humo chomboni daktari na mabaharia wanahangaika kumwokoa nahodha wao, na walipojaribu kuukata ule mwale nusura afe. Ni nani aliwapa ruhusa ya kumpa mtu miaka arubaini asiyoiomba, kisha kumnyang'anya mke na watoto kwa dakika moja? Mimi sina jibu safi. Nadhani mtu anayezama hashiki kamba kwa adabu.

Machozi ya bure lakini siyakubali. Mwaka 1993 sehemu hii ilipewa tuzo ya Hugo, ambayo ni heshima kubwa kwa hadithi za kisayansi, na miaka hiyo tuzo ya namna hiyo aghalabu ilienda kwa filamu za sinema. Hayo ni ya wakubwa. Ya watazamaji wenyewe yalionekana Oktoba 2006, vifaa vya Star Trek vilipopigwa mnada na Christie's mjini New York. Ile filimbi ilikuwemo. Wenye mnada walikadiria kwamba ingepata dola elfu moja hivi. Iliuzwa kwa zaidi ya dola 40,000. Kumbukeni ni kifaa cha maigizo tu, cha kushikwa mbele ya kamera. Aliyekinunua hakununua chombo cha muziki.

Nina lalamiko moja kwa waandishi. Wiki zilizofuata Picard anarudi kazini kama mtu aliyetoka kulala mchana. Mtu amezika mke, amelea watoto, amekuwa babu, halafu kesho yake anatoa amri kama kawaida? Sababu yake inajulikana: siku hizo mchezo uliuzwa kwa vituo vingi vya runinga, na kila sehemu ilitakiwa isimame peke yake ili hata aliyekosa ya jana aifuate ya leo. Sawa, lakini inauma.

Mwaka 1993 walijaribu kurekebisha kidogo. Katika sehemu iitwayo "Lessons", Picard anampenda afisa mmoja aitwaye Nella Daren, mpiga kinanda. Wanajificha katika njia nyembamba za mafundi ndani ya chombo, mahali sauti inapovuma vizuri, wanapiga ule wimbo wa Ressik pamoja. Naye anamsimulia filimbi ilikotoka.

Nyanya aliniuliza hilo hasa tulipokuwa tunaondoka, kama yule mzee wa filimbi aliwahi kumwambia mtu yeyote. Nikamwambia ndiyo, alimwambia mwanamke mmoja. Akasema mjomba aje nayo hiyo Aprili.