Mgeni amekwishalipa Milano, mayai ya asubuhi anauza nani?

MGENI anapofika katika mojawapo ya hoteli kubwa za ufukweni za Kiwengwa au Nungwi, Unguja, hupewa kwanza kitambaa baridi cha kujifutia uso na glasi ya juisi, kisha hufungwa bangili ya plastiki mkononi. Bangili hiyo ndiyo fedha yake kwa siku saba zijazo. Kwa kuionyesha tu atakula asubuhi, mchana na jioni, atakunywa soda, bia na madafu, ataogelea katika bwawa lililo hatua chache kutoka baharini, na usiku atatazama ngoma jukwaani. Hatoi senti mfukoni. Yote hayo, pamoja na tiketi ya ndege, alikwishayalipia kwa wakala wa safari huko Milano, Warsaw au London, pengine miezi mitatu kabla ya kufunga sanduku lake.

Kwa mgeni hiyo ndiyo raha yenyewe. Hahesabu, hatafuti chenji, wala hagombani na mtu juu ya bei. Lakini kwa mkulima wa Donge au Bumbwini, na kwa mfanyabiashara mwenye meza yake Mwanakwerekwe, bangili ile ina maana nyingine. Mtu aliyekwishalipia chakula cha mchana hana sababu ya kutoka getini kwenda kununua samaki wa kukaanga kijijini. Ndiyo maana wenye vigenge, wauza vinyago na madereva wa teksi wa pwani ya mashariki hulalamika kuwa wageni wa hoteli hizi wanaonekana kwa macho tu.

Malalamiko hayo yana ukweli, lakini yanatazama mlango wa mbele peke yake. Mgeni asiyetoka nje hula ndani, tena hula sana. Chakula hicho kinaingia kwa mlango wa nyuma, ule wa stoo na jikoni, na huko ndiko iliko biashara kubwa kuliko vigenge vyote vya ufukweni vikijumlishwa.

Mtindo huu wa malipo ya jumla si mpya. Mwaka 1950, Mbelgiji Gérard Blitz alianzisha Club Méditerranée kwa kupiga mahema katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, wageni wakilipa mara moja kwa malazi, chakula na michezo. Katika kambi zake mgeni aliyetaka kinywaji cha ziada alilipa kwa shanga alizovaa shingoni, maana aliyevaa nguo ya kuogelea hana mfuko. Jamaica iliupokea mtindo huo katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 Gordon Stewart akafungua hoteli ya kwanza ya Sandals mjini Montego Bay. Kutoka huko ukaenea visiwa vya Caribbean, ukafika Gambia, pwani ya Kenya na Zanzibar, ambako Waitaliano ndio waliotangulia kuijaza Kiwengwa kuanzia miaka ya 1990.

Idadi ya wageni wenyewe si ya kupuuzwa. Zanzibar ilipokea watalii 538,000 mwaka 2019. Idadi hiyo ilishuka hadi kama 260,000 mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ikapanda hadi zaidi ya 638,000 mwaka 2023 na kupita 736,000 mwaka 2024. Si wote wanaolala katika hoteli za bangili, lakini wote wanakula.

Hapa kuna jambo ambalo mtu anayetaka kuuza kwa hoteli hizi hana budi kulielewa kabla hajapanda hata mche mmoja. Katika hoteli ya kawaida, mgeni akiagiza kaanga ya mayai, hoteli imepata fedha. Katika hoteli ya malipo ya jumla, mgeni akiagiza kaanga ya mayai, hoteli imetumia fedha. Mapato yalikwishaingia na hayaongezeki. Kila yai, kila kipande cha tikiti na kila kilo ya jodari ni gharama inayopunguza faida. Kwa hiyo meneja huweka kiwango cha fedha za chakula kwa kila mgeni kwa siku, na ofisa manunuzi hupimwa kwa kiwango hicho. Mtu huyo hatafuti nyanya nzuri kuliko zote duniani. Anatafuta nyanya nzuri ya kutosha, kwa bei isiyopandapanda, inayofika kila siku saa ile ile, kwa sababu meza ya bufee haiwezi kuwa tupu. Mgeni asipoiona saladi atalalamika kwa wakala wake, na wakala ndiye anayeleta wageni mamia kwa mkupuo.

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme hoteli ina vyumba 200, kila chumba watu wawili, na vyumba vinane katika kila kumi vina wageni. Hao ni watu 320. Kila mmoja akitumia mayai matatu kwa siku, ukihesabu ya kukaanga, ya keki na ya tambi, jikoni linahitaji mayai 960, yaani trei 32 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kuku 100 wanaotaga vizuri, kwa kiwango cha asilimia 80, hutoa mayai 80 kwa siku, ambayo hayafiki hata trei tatu. Ili kuihudumia hoteli hiyo moja wanahitajika kuku 1,200 walio katika kutaga, na wengine wadogo wanaokuja nyuma yao, kwa kuwa kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na miezi kama mitano na baadaye hupungua.

Mfugaji mwenye kuku 100 akienda getini peke yake na trei zake mbili na nusu anarudishwa, na kusema kweli si haki kumlaumu ofisa aliyemrudisha. Lakini wafugaji 12 wa aina yake, wakipokezana vifaranga kwa zamu ili wote wasiishiwe mayai mwezi mmoja, wanaitosheleza hoteli nzima.

Nyanya nazo ni hivyo hivyo. Wageni wale 320, kila mmoja akila gramu 200 kwa siku katika saladi, mchuzi na piza, wanamaliza kilo 64, kama tenga moja na nusu. Wakila kila mmoja gramu 300 za tikiti, ni kilo 96, karibu matikiti 20 ya kilo tano tano. Hiki si kiasi cha kutisha. Kinachotisha ni neno "kila siku".

Kwa sasa sehemu kubwa ya viazi mviringo, karoti, kabichi na vitunguu vinavyoliwa Unguja huvuka bahari kutoka Bara, vikitoka Lushoto, Arusha na nyanda za juu kusini kupitia Dar es Salaam. Kuku wengi ni wa kugandishwa kutoka nje ya nchi. Kiazi mviringo na karoti havina lawama, maana joto la Unguja haliwataki. Ila nyanya, tango, bilinganya, pilipili boga, tikiti, papai, pasheni, mchicha na mayai havina sababu ya kupanda boti. Ardhi ya maweni ya pwani ya mashariki, zilikojengwa hoteli nyingi, haifai sana kwa bustani, lakini udongo mzito wa upande wa magharibi na katikati ya kisiwa uko mwendo wa saa moja tu kwa gari.

Kwa nini basi mzigo wa Lushoto unamshinda wa Donge? Sababu ya kwanza ni karatasi. Hoteli inataka risiti inayotambulika na mamlaka ya mapato, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki. Mkulima mmoja mmoja hana, dalali wa mjini anavyo vyote. Kwa hiyo hata nyanya ya Donge inapofika hotelini, mara nyingi imepita kwanza mjini kwa dalali, ikaongezwa bei, halafu ikarudi ilikotoka na kupita mbele ya shamba ilimochumwa.

Sababu ya pili ni usafi wa mzigo. Nyanya zilizoshindiliwa katika tenga hufika zimepondeka chini, na mpishi hupima zile nzima tu. Zinatakiwa kreti za plastiki, nyanya zikiwa zimechambuliwa kwa ukubwa na kwa kuiva. Mifuko ya plastiki isifikiriwe kabisa, maana Zanzibar iliipiga marufuku tangu mwaka 2006. Mayai yawe safi, yasiwe na mavi ya kuku. Na kwa kuwa saladi huliwa mbichi, siku za kungoja baada ya kupulizia dawa lazima zifuatwe kama zilivyoandikwa kwenye chupa. Mgeni mmoja akiharisha, mwenye bustani ndiye wa kwanza kuulizwa.

Sababu ya tatu haipendezi kuitaja, lakini ipo. Wakati wa masika nyanya huugua mnyauko na bakajani, huadimika, na bei sokoni hupaa. Mkulima aliyekubaliana na hoteli bei ya msimu mzima huona wenzake wanavuna fedha Darajani, naye hupeleka mzigo huko "kwa wiki hii tu". Ofisa manunuzi halisahau jambo hilo. Mwezi Agosti, nyanya zikijaa tele na sokoni haziuziki, mkulima yule yule hurudi getini na kukuta nafasi yake imechukuliwa na dalali wa mjini, ambaye hata akipata hasara hukata tiketi ya boti na kuleta mzigo.

Jamaica walipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1996 hoteli za Sandals zilianzisha mpango na wakulima 10 waliouza kwa hoteli mbili, wakisaidiwa na mamlaka ya maendeleo ya kilimo vijijini ya nchi hiyo. Kazi ilianza kwa kutembeleana. Wasimamizi wa hoteli walikwenda mashambani kuona mazao na kueleza ubora unaotakiwa, na wakulima waliingia hotelini kuona kinachofanyika na tikiti lao. Katika miaka mitatu mauzo ya wakulima yalipanda kutoka dola 60,000 hadi dola milioni 3.3 za Marekani, na kufikia mwaka 2004 wakulima walikuwa 80.

Gambia walijaribu njia ya amri. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku hoteli za malipo ya jumla baada ya kilio cha wenye migahawa na teksi. Mawakala wa Ulaya wakanuna, na mwaka uliofuata marufuku ikaondolewa. Mwenye mkataba na wakala ndiye mwenye wageni, na wakala huweza kuwapeleka kisiwa kingine.

Kwa mfanyabiashara mdogo anayefikiria kuwa yeye ndiye daraja kati ya wakulima na hoteli, suala kubwa ni mtaji. Hoteli nyingi hazilipi papo kwa papo. Hulipa baada ya siku 30, nyingine 60. Anayepeleka mzigo wa shilingi 300,000 kwa siku atakuwa ametoa shilingi milioni tisa kabla ya kuona hundi ya kwanza, na milioni 18 kama ni siku 60. Mkulima naye hawezi kungoja, ana watoto wa kusomesha na mbolea ya kununua. Wengi wameanguka hapo, si kwa kukosa soko, bali kwa soko kuwa kubwa kuliko mfuko. Ni afadhali kuanza na bidhaa moja, kwa mfano matango, kwa hoteli moja, na kuomba katika maandishi malipo ya kila wiki mbili hata kama bei itapungua kidogo. Wenye saccos wanaweza kukopa kwa dhamana ya oda, ikiwa oda imeandikwa na kugongwa muhuri.

Wala isiwe hoteli tu. Machi 2020 ndege zilipokoma, waliokuwa na mteja mmoja walibaki na bustani zilizoiva na hundi ambazo hazikuandikwa. Nusu kwa hoteli, nusu kwa soko la watu wa kawaida, ndiyo hesabu ya mtu mwenye busara, hasa kwa vile mwezi wa Ramadhani soko la nyumbani hununua vizuri bila kuuliza ukubwa wa nyanya.

Hata mgeni wa bangili hatimaye hutoka, mara moja au mbili katika wiki, kwenda Mji Mkongwe, msitu wa Jozani au mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi. Safari hizo huuzwa kwenye meza iliyo ndani ya hoteli. Mwenye shamba la viungo aliyepatana na meza hiyo huuza mdalasini, iliki na vanila kwa fedha taslimu. Akina mama wa Paje wanaotengeneza sabuni ya mwani nao wameona kuwa mgeni hununua kitu kidogo chepesi cha kubeba, chenye maelezo ya mahali kilipotoka.

Kuhusu kalenda, wageni hujaa Julai hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Anayetaka kuuza nyanya Krismasi aatike kitalu mwanzoni mwa Septemba, ahamishe miche mwanzoni mwa Oktoba, na mchumo wa kwanza utakuwa tayari Desemba. Matango huchukua siku kama 50, kwa hiyo yanaweza kungoja hadi mwishoni mwa Oktoba. Na wa kwenda kuonana na ofisa manunuzi aende Aprili au Mei, mvua ikinyesha na vyumba vikiwa vitupu. Wakati huo ana nafasi ya kukaa kitini, kuonja tango na kusikiliza bei. Agosti hata simu hapokei.